Foleni ya watu wazima wenye ADHD haipungui, daktari wa akili ni mmoja: tuanzie wapi?

Mratibu_Kliniki
Wakuu, naomba msaada wa wenye uzoefu. Kliniki ya afya ya akili ina daktari bingwa mmoja, na siku ya ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu) ni moja tu kwa wiki. Rufaa za watu wazima zinaingia kwa kasi kuliko wanavyoonwa. Wengi wao hawakugundulika utotoni, hasa wanawake, kwa kuwa darasani walikaa kimya na akili ikawa mbali, hawakumsumbua mwalimu. Pendekezo lililopo ni kuongeza siku ya pili ya tathmini. Je, litatosha? Naomba hatua zinazotekelezeka.

Muuguzi_Mwandamizi
Mkuu, kabla ya kuongeza siku, fungua rejista ya miezi 6 iliyopita. Kwa kila mgonjwa andika tarehe tano: rufaa ilipofika, alipoonwa mara ya kwanza, alipopewa jibu, alipoanza dawa, dozi ilipotulia. Mara nyingi utakuta msongamano uko baada ya jibu. Kupandisha dozi huchukua wiki 4 hadi 6 hivi, na kila hatua inahitaji kipimo. Daktari akizifanya zote mwenyewe, mgonjwa mmoja mpya anakula nafasi za watu watano. Ukiongeza siku ya tathmini, unaongeza wanaoingia kwenye sehemu ileile iliyoziba.

Kazi hiyo ya kupandisha dozi mpe muuguzi aliyefundishwa, daktari awe karibu kwa ushauri. Dakika 15 zinatosha kama mpangilio ni uleule kila mara. Mgonjwa anakaa dakika 5 ametulia, ndipo unapima presha na mapigo ya moyo, kisha uzito. Halafu usingizi, hamu ya kula, hasira na huzuni. Mapigo yakizidi 120 kwa dakika naye amepumzika, na yakabaki hapo, dozi inapunguzwa na daktari anaitwa.

Kosa kubwa ni swali la "unaendeleaje?" Utajibiwa "nzuri tu" na hujapata kitu. Siku ya kwanza chagueni kazi mbili zinazomshinda, mfano kulipa bili kabla ya tarehe na kumaliza ripoti aliyoianza. Ziandikwe kwenye faili, na kila akirudi ulizia hizohizo: wiki hii mara ngapi? Hapo utaona dawa inafanya kazi au la.

Daktari_wa_Rufaa
Naunga mkono, ila na mlango wa kuingilia urekebishwe. Rufaa yenye sentensi moja, "anashindwa kutulia", irudishwe ikiwa na maswali. Kituo kinachotuma kijaze sehemu A ya ASRS, fomu ya kuchuja ADHD kwa watu wazima, maswali 6 tu. Wengi hukosea kuihesabu: swali la 1 hadi la 3 huhesabiwa kuanzia "wakati mwingine", la 4 hadi la 6 kuanzia "mara nyingi". Majibu 4 au zaidi yaliyofika kiwango hicho ndiyo yanayofungua tathmini kamili. Fomu ni ya kuchuja tu. Anayeichukulia kama jibu atawapa dawa watu wenye wasiwasi au wasiolala vizuri.

Kwa kigezo cha DSM-5 (mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili), mwenye miaka 17 na zaidi anahitaji dalili 5 kati ya 9 katika kundi moja angalau (kukosa umakini, au kukosa utulivu na kufanya mambo bila kufikiri), kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na zimwathiri sehemu mbili au zaidi, mfano nyumbani na kazini. Hapo ndipo tathmini hukwama, kwa sababu mtu wa miaka 40 hakumbuki. Mwambieni mapema aje na ripoti za shule ya msingi, au mzazi ama ndugu mkubwa apigiwe simu siku hiyohiyo. Maoni ya mwalimu yana faida kuliko alama.

Muulizeni pia kama amewahi kupitia siku kadhaa akilala kidogo mno bila kuchoka, maneno na mipango vikimtoka mfululizo. Hiyo yaweza kuwa baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), na ina njia yake ya matibabu. Maradhi ya moyo, au kifo cha ghafla cha ndugu akiwa kijana, viulizwe kabla ya dawa yoyote ya kuchangamsha. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) si ya kila mtu, ni ya mwenye sababu.

Mfamasia_Zamu
Dawa nazo zina hesabu yake. Methilfenideti, dawa ya kuchangamsha, imo kwenye Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Dawa za Saikotropiki wa 1971, ndiyo maana ina masharti ya cheti na kabati la kufunga. Wagonjwa 40 wakinywa vidonge 3 kwa siku, mwezi wa siku 30 unakula vidonge 3,600. Shehena ikichukua miezi 3 kufika, agiza vidonge stoo vikiwa bado 14,400: vya miezi mitatu na akiba ya mwezi mmoja. Ongeza wanaoanza, wasahaulikao kwenye hesabu.

Methilfenideti ya muda mfupi huanza na miligramu 5 mara 2 au 3 kwa siku, na hudumu saa 3 hadi 4 hivi. Dozi ya mwisho ikipita saa 10 jioni, usingizi utamkimbia. Atomoksetini, dawa ya ADHD isiyo ya kuchangamsha, haifanani nayo: mtu mzima huanza na miligramu 40 kwa siku angalau 7, kisha 80, na faida yake huchukua wiki kadhaa kuonekana. Asipoambiwa hivyo, ataiacha wiki ya pili akidhani haifai.

Muuguzi_Mwandamizi
Sheria ya "ukikosa miadi mara mbili unafutwa" iondoeni leo. Kusahau tarehe ni dalili ya ugonjwa wenyewe, na mnamwadhibu mgonjwa kwa kile kilichomleta. Tumeni ujumbe siku 3 kabla na tena asubuhi ya siku yenyewe, wenye kila kitu: "Leo saa 3 asubuhi, chumba namba 4. Njoo na dawa zilizobaki. Jibu 1 unakuja, 2 tubadilishe." Asipofika, apigiwe simu siku hiyohiyo. Kila wiki acheni nafasi 2 za waliochelewa.

Mratibu_Kliniki
Asanteni sana. Na wale ambao dozi imeshatulia?

Daktari_wa_Rufaa
Warudi kituo cha karibu na barua ya ukurasa mmoja: dawa, dozi, presha ya mwisho, zile kazi mbili za kufuatilia, na namba ya kuuliza. Presha, mapigo na uzito kila miezi 6, mapitio kamili mara moja kwa mwaka. Msimtoe mtu kabla kituo hakijathibitisha kwamba dawa anayo na kwamba anayepokea ameisoma barua.