Bendi za Dar es Salaam haziuawi na majungu ya wanamuziki, zinauawa na wenye vyombo vya muziki

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Kila bendi ya muziki wa dansi inapovunjika katika jiji hili, maelezo yanayotolewa redioni na vijiweni huwa ni yaleyale: wanamuziki wana tamaa, wanamuziki wanapigana majungu, mwimbaji fulani amelewa sifa, mpiga gitaa la solo fulani ama anaroga ama amerogwa. Hivi karibuni nimeyasikia maelezo hayo kuhusu bendi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiipigia gitaa la besi, tena kutoka kwa mtangazaji ambaye hakumpigia simu hata mmoja wetu, na nimeona nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimeukubali uongo. Sitaitaja bendi hiyo wala mwenye nayo, kwa sababu wengi wetu bado tunamdai na hatutaki kumpa kisingizio cha kutotulipa.

Mambo yalivyokwenda ni hivi. Mwimbaji wetu kiongozi aliomba kuonyeshwa hesabu za maonyesho ya mikoani, kwa kuwa tulikuwa tukijaza kumbi na bado tukilipwa posho ileile tuliyolipwa usiku ambao ukumbi wa Kinondoni ulikuwa na wahudumu wengi kuliko wateja. Hakutukana mtu wala hakugoma. Jibu alilopewa, kwa simu, ni kwamba asifike tena mazoezini. Tuliobaki tulipokwenda kuuliza, tulikuta kufuli la stoo limebadilishwa, na ndani ya stoo hiyo ndimo yalimokuwa magitaa, spika, mixer, drums, tumba na kinanda, vyote mali ya mkurugenzi, yaani mwenye bendi. Jina la bendi nalo lilikuwa limesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kama jina lake la biashara, jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa. Haukupita muda mrefu wakapandishwa vijana wengine kwenye jukwaa lilelile, chini ya bango lilelile, wakipiga nyimbo tulizozitunga sisi. Kuhusu malimbikizo ya mishahara yetu, tulielekezwa tukamdai huyo mwimbaji “aliyeharibu”.

Sasa nauliza: hapo majungu yako wapi?

Ukweli ambao watangazaji wetu hawataki kuusema ni kwamba Dar es Salaam mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na wanamuziki ni wapita njia. Hali hii haikuanza jana. Marehemu Remmy Ongala alikuwa mkubwa kiasi kwamba hadi leo abiria wa Sinza wanashuka kituo kinachoitwa Kwa Remmy, lakini bendi iliyomtangaza, Super Matimila, ilibeba jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo. Fikirieni vizuri jambo hilo. Mtu anatunga, anaimba, anapeleka jina la nchi Ulaya, na kila akitambulishwa anatambulishwa kwa jina la mwenye magitaa.

Katika miaka ya 1970 na 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na kuingiza gitaa nchini kulihitaji vibali, wenye vyombo walikuwa hasa mashirika na taasisi za umma. Vijana Jazz ilikuwa ya jumuiya ya vijana ya chama tawala, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, na UDA Jazz ya shirika la usafiri. Wanamuziki wengi wa enzi hiyo walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, na pamoja na mapungufu yake yote, mfumo huo ulimpa mpiga tumba uhakika wa kula ambao mimi sikuwahi kuupata. Mageuzi ya uchumi yalipokuja, viwanda na mashirika yakadhoofika, mengine yakabinafsishwa, na bendi nyingi zikazikwa pamoja nayo. Hakuna aliyegombana na mtu. Vyombo vilichakaa, hakukuwa na wa kununua vingine, na watu wakatawanyika. Lakini ukisikiliza vipindi vya zilipendwa utaambiwa kwamba wazee wale walishindwa kuelewana!

Wanaopenda kuwalaumu wanamuziki kwa kuhamahama humtolea mfano marehemu Muhidin Maalim Gurumo, nami nauchukua mfano huohuo. Aliingia NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, mwaka 1964. Mwaka 1978, bendi hiyo ikiwa tayari inaitwa Juwata, aliondoka akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park Orchestra. Mwaka 1985 mmiliki wa Orchestra Safari Sound aliivunja bendi yake mwenyewe, akawachukua wanamuziki sita wa Mlimani Park, Gurumo na Abel Balthazar wakiwamo, na kuunda bendi mpya iliyokuja na mtindo wa Ndekule. Hebu tazameni ni nani aliyevunja nini katika habari hiyo. Mtu mmoja mwenye fedha aliamua kwamba bendi aliyokuwa nayo haimfai, ikafa, halafu akainyofoa ya jirani, na wanamuziki wa pande zote mbili wakahamishwa kama meza za baa. Mlimani Park ilisalimika kwa sababu Michael Enoch na wenzake walibaki, na kwa sababu nyuma yao kulikuwa na DDC, yaani shirika lenye kumbi na vyombo ambalo lisingefunga stoo kwa hasira za usiku mmoja.

Na huyo Gurumo anayeitwa mwenye tamaa alirudi katika bendi yake ya zamani, ambayo kwa kufuata mabadiliko ya chama cha wafanyakazi ilikuwa imetoka Juwata ikawa OTTU na baadaye Msondo Ngoma, akabaki humo mpaka alipostaafu mwaka 2013. Alistaafu bila gari. Gari alipewa mwaka huohuo na kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz, kwa huruma na heshima. Karibu nusu karne ya kuimba, nyimbo zake zikipigwa redioni kila juma, halafu tunaambiwa kwamba tatizo la muziki wa dansi ni tamaa ya waimbaji. Tamaa ya aina gani hiyo isiyomnunulia mtu hata gari bovu?

Sikatai kwamba majivuno yapo. Wenge Musica ya Kinshasa ilipasuka mwaka 1997, JB Mpiana upande mmoja na Werrason upande wa pili, na hakuna anayeweza kudai kwamba ukubwa wa majina haukuchangia. Hata hapa kwetu nimewahi kupiga na mwimbaji ambaye alitaka jina lake kwenye bango liwe kubwa kuliko la bendi, na nilifurahi alipoondoka. Lakini bendi yenye utaratibu hupigana na bado ikajua nani anadai nini. Paul McCartney alipotaka kujitoa The Beatles, alifungua shauri Mahakama Kuu ya London mwishoni mwa mwaka 1970 akiomba ubia wao uvunjwe. Kulikuwa na ubia wa kuvunja! Sisi tukifika mahakamani tutaomba kivunjwe kitu gani, wakati hatukuwahi kuwa wabia wa chochote?

Jambo la nyimbo ndilo linaloniuma zaidi. Wote waliowahi kukaa mazoezini wanajua wimbo wa dansi unavyozaliwa: mtunzi anakuja na maneno na sauti ya kuimbia, halafu mpiga solo anatafuta njia yake, mpiga gitaa la rhythm anajibu, besi inatafuta pa kukanyaga, wapulizaji wanaingiza vipande vyao, na sehemu ya chemko, ile inayowainua watu vitini, mara nyingi haina mtunzi mmoja kabisa. Siku ya kurekodi linaandikwa jina la mtu mmoja, na mara nyingine, naomba mnielewe vizuri, linaandikwa jina la mkurugenzi ambaye hajui hata kusoma noti za fedha alizotudhulumu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na tuna ofisi ya COSOTA ya kusajili kazi, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Bendi ya U2 ya Ireland iliamua tangu zamani kwamba mapato ya utunzi yagawanywe sawa kwa wote wanne, na watu walewale walioanza pamoja miaka ya 1970 hawakutawanyika kwa miongo kadhaa. Sidai kwamba mgawanyo huo ndio sababu pekee. Ninachosema ni kwamba mpiga besi wao hana sababu ya kumvizia mwimbaji.

Najua wamiliki wa bendi mnasoma humu, na najua mtakachojibu: kwamba mnatumia fedha nyingi kwa vyombo, jenereta, usafiri, sare na posho za watu zaidi ya ishirini wakiwamo wanenguaji, huku kumbi zikitaka burudani kwa mtindo wa “kiingilio kinywaji chako”, ambapo mwenye baa anauza bia na bendi inabaki na makofi. Hayo ni kweli, na nimeyaona kwa macho yangu. Lakini mbona hasara inagawanywa kwa wote na faida haionyeshwi kwa yeyote? Kama biashara ni ngumu kiasi hicho, inakuwaje kila mwaka mnapata fedha za kumnunua mwimbaji wa bendi nyingine kwa gari na kodi ya nyumba, mkaita usajili kama wa Simba na Yanga, huku mpiga drums wenu akidai nauli ya kurudi Mbagala?

Zipo bendi zilizodumu. Msondo ipo tangu 1964, tena baada ya chama cha wafanyakazi kuacha kuilea. Kilimanjaro Band, hao Wana Njenje, wameendesha bendi yao wenyewe na watu wake wa msingi wamekaa pamoja kwa miongo. Maquis nao, waliotoka Kongo na kuhamia hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, walijiendesha kwa kampuni yao ya OMACO na wakalitikisa jiji kwa miaka mingi. Si malaika hao. Waliondokewa na watu, na walifiwa. Lakini mtu mmoja hakuweza kuamka asubuhi akabadilisha kufuli.

Kwa wanamuziki wenzangu ambao mmeambiwa kwa simu msifike mazoezini, naomba mjue jambo moja ambalo nililijua nikiwa nimekaribia kukata tamaa. Mkiwa mnalipwa kwa mwezi na kupangiwa kazi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ninyi ni waajiriwa kisheria, na malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufikishwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Kukosa mkataba wa maandishi hakuwafungii mlango, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye atoe maandishi hayo, na akishindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Tunzeni ujumbe wa simu, ratiba za maonyesho, picha za mabango na risiti za malipo kwa simu. Sisi tumeshapeleka ya kwetu.

Kwa yule mtangazaji, namba zetu unazo, kwa kuwa ulizitumia ulipotaka tuje kupiga bure kwenye sherehe ya kituo chako. Tupigie na utupe muda uleule uliompa mkurugenzi.

Na kwa wamiliki naomba jibu la jambo moja tu, bila matusi na bila kuniambia nikanunue vyombo vyangu. Ni bendi ipi hapa Dar es Salaam ambayo mpiga ala wa kawaida ana karatasi inayoonyesha anapata asilimia ngapi ya mapato ya mlangoni, nani mwenye jina la bendi, na nyimbo zitakuwa za nani siku mkiachana? Mwenye nakala ya karatasi ya namna hiyo aiweke hapa chini, afute majina akitaka, tuisome.