Iddi na kidole cha mguu

Mama Iddi: Asalaam aleikum. Iddi analia tangu asubuhi. Kashika kidole chake kidogo cha mguu anahesabu viungo, anasema "mimi sina kipawa". Nani anajua habari hii?

Rehema: Waaleikum salaam wifi. Nisamehe, ni mimi. Jumapili nilimwonyesha My Hero Academia, ile katuni ya Kijapani.

Mama Iddi: Na kidole je?

Rehema: Humo vipawa, yaani nguvu za ajabu, vilianza China, kukazaliwa mtoto anang'aa mwili mzima. Wakafuata wengine huku na huko, chanzo hakijulikani. Vizazi vikapita, sasa watu 8 kati ya 10 wana kipawa. Hutokea mpaka miaka 4. Kidole kidogo kikiwa na viungo viwili, daktari anasema huna.

Babu Iddi: Wanaambukizana?

Rehema: Shikamoo Baba. Hapana, wanarithi. Mtoto anachukua cha baba, cha mama, au vinachanganyika. Kuna kijana Bakugo, baba yake ana jasho la asidi, mama yake gliserini. Yeye jasho lake linalipuka.

Hamisi: Kumbe mtu anaweza kuchagua mke kwa hesabu hiyo

Rehema: Ndivyo alivyofanya Endeavor, shujaa mmoja humo. Yeye wa moto, akaoa mwanamke wa barafu ili apate mtoto mwenye vyote. Akampata, Shoto, kulia barafu, kushoto moto. Lakini mama aliteswa mle ndani mpaka akammwagia mwanawe maji ya moto usoni. Hapo sikumwonyesha Iddi.

Babu Iddi: Hiyo si ndoa. Ni kufuga.

Mama Iddi: Na asiye nacho anaishia wapi? Ndicho anachoniuliza huyu.

Rehema: Izuku mwenyewe, ndiye mhusika mkuu, hana. Akiwa na miaka 4 alimuuliza mama yake kama anaweza kuwa shujaa. Mama akamkumbatia, akamwomba msamaha. Mimi hapo hulia kila mara, maana mtoto hakutaka msamaha, alitaka aambiwe "utaweza". Baadaye anapewa kipawa kimoja cha pekee, kinachopokezanwa kwa hiari. Yeye ni wa 9 kukipokea. Alimezeshwa unywele wa aliyemtangulia, ndivyo kinavyopita.

Mama Iddi: Unywele! Ngoja nimtazame mdomoni.

Mama Iddi: Hamna kitu. Nimemwambia "utaweza". Kanyamaza, anauliza shangazi ana viungo vingapi.

Rehema: Mwambie viwili. Nimevihesabu sasa hivi.