Tuliotoka usawa wa bahari kwenda Kilimanjaro, mlijiandaaje? Tupeane uzoefu

Mwana Shangani
Wakuu, salamu kutoka Mtwara mjini. Kila mwaka vijana wa huku wananiuliza wajiandaeje kupanda Kilimanjaro. Naanza na yangu, nanyi mwageni yenu.

Mara ya kwanza nilijiona niko fiti kabisa. Miezi mitatu nakimbia ufukweni, kwenye mchanga laini, miguu ikakaza. Tukapita njia ya Marangu, safari ya siku tano. Kambi ya kwanza, Mandara, mita 2,700, sikuhisi kitu. Usiku wa Horombo, mita 3,720, kichwa kikaanza kugonga, mwili unasisimka kwa baridi, chakula hakipiti. Mtu wa pwani ukijisikia hivyo unawaza nini? Malaria. Nilikuwa na dawa ya mseto kwenye begi, nikameza vidonge vinne kimyakimya. Mwongozaji sikumwambia, niliogopa atanirudisha.

Kesho yake nikajikokota hadi kambi ya Kibo, kama mita 4,700. Pale nilitapika hadi yakabaki maji matupu. Nanyoosha mkono nishike kikombe cha chai, mkono unapita pembeni. Mwongozaji aliniangalia mara moja tu: "Wewe unashuka sasa hivi." Wapagazi wawili wakanishika makwapani. Tulipokaribia Horombo kichwa kikafunguka, nikaomba uji. Malaria gani hiyo inapona kwa kushuka mlima?

Mara ya pili sikuongeza mbio, niliongeza siku. Tulilala Horombo usiku mara mbili. Mchana wa katikati tukapanda hadi kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia, kama mita 4,000, kisha tukarudi kulala chini. Kichwa kiliuma kidogo, nikasema papo hapo. Tuliondoka Kibo usiku wa manane, na saa moja kasoro asubuhi nikasimama Uhuru, mita 5,895, kilele ambako Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera tulipopata uhuru Desemba 1961. Nililia, sioni haya kusema.

Mama Mikindani
Asante kaka kwa kusema ukweli. Mimi naongelea baridi, maana sisi hata sweta hatuna. Nguo zangu nyingi nilinunua mitumba pale Memorial, Moshi, siku moja kabla ya kupanda, na bei ilikuwa ya kawaida. Ila buti msinunue siku hiyo. Zangu nilizipata mapema, nikazivaa mwezi mzima nikienda sokoni na kurudi, ndiyo maana sikupata malengelenge. Kata kucha za miguu fupi na kaza kamba vizuri wakati wa kushuka. Mwenzangu hakufanya hivyo, kucha mbili za vidole gumba zikawa nyeusi.

Usiku wa kilele mpira wangu wa kunyonyea maji uliganda. Chupa ndiyo iliyoniokoa: ivalishe soksi nene na iweke kichwa chini, maana barafu huanza juu, mdomo unabaki wazi.

Muuguzi wa Lindi
Shikamooni wakubwa. Ya Mwana Shangani naiona kwa wengi, kwa hiyo naomba niongeze ya kitaalamu. Kule kileleni kila pumzi inakupa kama nusu ya oksijeni unayoipata hapa Lindi. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku, na mazoezi ya ufukweni hayakupunguzii siku hizo. Kichwa kikiuma, usipande zaidi mpaka kitulie. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema ukiwa umekaa tu, shuka hata kama ni usiku.

Kuna dawa ya kusaidia mwili kuzoea, asetazolamaidi, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Na jambo ambalo watu wetu hawaliulizi: pima seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kabla ya kulipa safari. Hata aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu, mzima wa afya huku chini, bandama linaweza kumdhuru kule juu. Homa ukishateremka nayo usiidharau, hapo ndipo pa kupima malaria.

Mjukuu wa Newala
Mazoezi ya kupanda huku yapo. Newala haifiki mita elfu moja, lakini ukingo wake unaoangalia bonde la Ruvuma ni mkali. Bibi zetu walikuwa wanashuka mabondeni kutafuta maji na kupanda na ndoo kichwani. Nilianza na begi la kilo tano, nikamaliza na kumi na mbili, kushuka na kupanda mara mbili kila Jumapili. Magoti yalinishukuru siku ya kuteremka mlima.

Kijana Korosho
Wakuu, nataka kwenda Desemba hii tukishauza korosho. Pesa inatosha siku tano tu. Niende?

Mwana Shangani
Mdogo wangu, subiri msimu mwingine ukusanye ya siku ya sita. Na Muuguzi, dada yangu, nimeenda kupima kama ulivyosema, niko salama.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri natoka Shangani kwa miguu hadi Mikindani. Kijana, njoo na begi lenye chupa nne za maji za lita moja na nusu. Tutatembea polepole.