Kompyuta ya mezani inapoteza Wi-Fi ninaponakili mafaili: tatizo liko wapi?

Mwalimu_Shangani:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini huko Ulaya. Haikuja na kadi ya Wi-Fi, kwa hiyo nimenunua adapta ya USB, ile ndogo ya ukubwa wa ukucha, nikaichomeka nyuma ya kasha lililoko sakafuni chini ya meza. Tunaishi katika nyumba ya zamani hapa Mji Mkongwe, Unguja, yenye kuta nene za mawe na chokaa. Ruta iko ghorofa ya chini, nami nafanyia kazi ghorofa ya kwanza. Kompyuta inauona mtandao na kukubali nenosiri, lakini kasi ni ndogo, na kila ninaponakili mafaili kutoka kwenye diski ya nje iliyochomekwa kando ya adapta, mawasiliano hukatika kabisa. Simu nikiiweka juu ya meza hiyohiyo hufanya kazi bila shida. Je, ninunue ruta nyingine?

Fundi_Kariakoo:
Waaleikum salaam, Mwalimu. Tafadhali usitoe fedha ya ruta kwa sasa, kwa sababu simu yako imekwisha kuthibitisha kwamba mawimbi yanafika mezani. Yanayoshindwa kufika ni ya adapta. Antena yake imo ndani ya kile kiplastiki, upande mmoja imezibwa na kasha la chuma na upande wa pili na ukuta, tena iko sakafuni.

Kuhusu diski, umetoa dalili muhimu sana. Kifaa cha USB 3.0 kinaposafirisha data hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya GHz 2.4, yaleyale yanayotumiwa na adapta nyingi za bei nafuu. Intel walilieleza jambo hili kwa vipimo mwaka 2012, na bado mafundi wengi hubadilisha ruta na draiva (programu inayoendesha kifaa) bila kuligusa. Nunua waya wa kurefusha USB wa mita moja, uipandishe adapta juu ya meza mahali palipo wazi, na uichomeke kwenye tundu la USB 2.0, ambalo kwa kawaida ni jeusi, huku diski ikibaki kwenye tundu la buluu, yaani la USB 3.0, la upande mwingine wa kasha. Usihofu kwamba USB 2.0 itakupunguzia kasi: uwezo wake ni megabiti 480 kwa sekunde, na adapta ya aina hiyo haiufikii.

Binti_Makadara:
Naafiki maelezo ya Fundi, ila kwa kompyuta isiyohama mimi huanza na waya wa mtandao. Waya wa aina ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na kompyuta nyingi za ofisini zina tundu lake tayari nyuma, kwa hiyo gharama ni ya waya tu. Upitishe ngazini, ukifuata pembe ya ukuta. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kuta hizo si za kutobolewa bila kwanza kuulizia kwenye mamlaka inayohusika.

Ukibaki na Wi-Fi, ingia kwenye mipangilio ya ruta uangalie chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho ruta inatumia. Katika GHz 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, na nyumba zilizobanana kama za huko huwa na ruta nyingi za majirani.

Mwalimu_Shangani:
Nawashukuru sana nyote. Nimeweka waya wa kurefusha, adapta sasa iko karibu na mlango unaoelekea ngazini, na nimenakili folda nzima ya masomo bila mawasiliano kukatika. Baadaye ningependa kuweka kadi ya ndani inayoshika pia GHz 5. Kasha langu ni lile jembamba. Nizingatie nini?

Fundi_Kariakoo:
Alhamdulillah. Kwanza fungua kasha uhakikishe kuna nafasi tupu ya PCIe, yaani tundu refu la kuchomekea kadi kwenye ubao mama. Ile fupi kabisa, x1, inatosha. Kwa kasha jembamba, hakikisha ndani ya boksi mna kile kipande kifupi cha chuma cha kufungia kadi kwa nyuma, kwa maana kile kirefu hakitaingia na utalazimika kurudi dukani. Chagua kadi ambayo antena zake ziko kwenye kitako chenye waya, ili uziweke mezani badala ya kuzificha nyuma ya chuma. Ikiwa ina Bluetooth, kuna waya mwembamba wa kuchomeka kwenye pini za USB zilizoko kwenye ubao mama. Ukiusahau, Wi-Fi itafanya kazi lakini Bluetooth haitaonekana. Fahamu pia kwamba GHz 5 hudhoofika zaidi ikipita ukutani, kwa hiyo kwa nyumba yako pima kwanza kwa simu ukiwa umekaa hapo mezani, na kama haishiki vizuri, usiongeze fedha kwa ajili yake.