Homa ya ini B: mmoja amepona, mwingine anayo tangu utotoni?

Bi Shela: Asalamu alaikum. Shemeji yangu alipata homa ya ini B ukubwani, macho manjano, akapona. Dada yangu mjamzito hana dalili, ila kliniki wasema huenda anayo tangu utotoni. Mbona hivyo?

Nahodha: Waalaikum salaam. Ni umri. Wachanga wakiambukizwa, takriban 90 kwa 100 hubaki nayo. Watu wazima, chini ya 5.

Mkunga Malindi: Asia Mashariki wengi wameipata kwa mama, wakizaliwa. Kwetu Afrika zaidi ni utotoni, mtoto kwa mtoto. Mwanangu, dada yako apimwe wingi wa virusi. Mtoto achanjwe ndani ya saa 24, asingoje arubaini! Na anyonyeshe tu.