Mteja ana mia tano, dozi ni elfu moja na nusu: nimkatie au nimrudishe?

Binti wa Kaunta
Wakuu, heshima kwenu. Ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu, mji mdogo Nyanda za Juu Kusini, mwaka wa pili sasa. Naombeni ushauri, jambo hili linaninyima usingizi.

Juzi jioni alikuja mama na mtoto wa miezi minane mgongoni, anakohoa. Akaweka sarafu ya mia tano kaunta: "Nikatie amoksi za hii." Cheti cha daktari hana. Nikamwambia dozi haikatwi. Akasema ng'ambo ya barabara wanakata, na kweli wanakata. Bosi alikuwa ameketi nyuma yangu: "Mkatie mwenzio, usimfukuze mteja." Nikakata vidonge vitatu, nikavitia kwenye kibahasha, nikaandika 1x2, yaani kimoja mara mbili kwa siku. Siku moja na nusu hiyo. Alipoondoka nilibaki naitazama ile sarafu.

Bosi si mtu mbaya. Kodi, leseni na mshahara wangu vinatoka kwenye mia tano hizohizo. Mlio kaunta mnafanyaje?

Mfamasia Mkongwe
Mdogo wangu, umeanzia kwenye dozi, ungeanzia kwa mtoto. Anahitaji amoksi kweli? Mwombe mama amfunue kifua, mtoto awe ametulia, hesabu anavyopumua dakika nzima kwa saa ya simu. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni hatari. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Apumuaye hivyo anahitaji kuonwa kituoni. Na ukiona kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu, au hawezi kunyonya, au ana degedege, usiuze chochote, aende saa hiyohiyo.

Kama anapumua vizuri, ananyonya na anacheka, mara nyingi hayo ni mafua ya virusi, na amoksi ni dawa ya bakteria, haigusi virusi. Mama arudi na mia tano yake, umwambie dalili za kumrudisha haraka. Halafu amoksi ni dawa ya cheti, hilo unalijua.

Mama Wawili
Mimi ni mama kama huyo mnayemzungumzia. Watoto chini ya miaka 5 tunaambiwa matibabu ni bure vituo vya serikali. Nilikwenda, nikaonwa bure, dawa zimeisha, nikapewa karatasi nikanunue. Mfukoni nina nauli tu. Mtoto akipata nafuu siku ya pili, vidonge vilivyobaki nilikuwa naviweka kabatini vimsubiri mdogo wake. Miaka yote hiyo hakuna muuzaji aliyeniambia ni kosa. Tuambieni, ila kwa sauti ya chini, msituaibishe mbele ya foleni.

Kijana wa Songea
Maduka haya yalianzia huku kwetu Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, ili mtu wa kijijini apate dawa nzuri kwa mtu aliyefundishwa. Tukikata vidonge kama karanga, tumerudi kulekule. Hilo duka la ng'ambo liripoti Baraza la Famasi.

Mwenye Duka
Kuripoti kupo, ila kwanza vuka barabara ukaongee nao. Mkikubaliana wote wawili kutokata, mteja hana pa kukimbilia.

Kwangu mwenye cheti asiye na hela ya kutosha namwandika daftarini. Zamani nilikuwa nampa za siku mbili, nyingine nazitunza. Wengi walipopata nafuu hawakurudi. Sasa nampa dozi nzima. Deni liwe la hela, lisiwe la vidonge.

Nesi Mstaafu
Mwenye Duka umenena. Mwaka 2019 pekee, vifo kama milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliozoea dawa hadi haziwaui tena. Nilikaa wodi ya watoto miaka mingi. Unamchoma mtoto sindano ya kwanza, ya pili, homa haishuki, na mama anakuuliza wewe.

Binti wa Kaunta
Asanteni sana. Leo asubuhi yule mama alipita, nikamwita. Tukamfunua mtoto kifua, nikahesabu: 38. Ananyonya, alinishika kidole akakitia mdomoni. Kumbe hakuhitaji hata kimoja cha vile vitatu. Nimemweleza mama, akanisikiliza.

Bosi amekubali daftari, kwa watoto wenye cheti tu, deni lisizidi elfu mbili, na asiporudi mtu nakatwa mshahara mimi. Nimekubali. Ng'ambo ya barabara naenda kesho kabla hawajafungua.