Pilipili mbuzi za moshi: nje nyeusi, ndani mbichi, kwenye chupa zinaota ukungu

Kikonyo
Wakuu, nina kilo 5 za pilipili mbuzi nyekundu nataka kuzikausha kwa moshi. Mkupuo wa kwanza umeharibika. Zilikaa nzima nzima saa 4 juu ya debe lenye mkaa na vipande vya msonobari, zikatoka nyeusi, chungu kama lami, na ndani bado zina majimaji. Kwenye chupa ya kioo zikaota ukungu siku ya tisa. Kosa liko kwenye kuni, moto au chupa? Na nikizitia kwenye mafuta ya alizeti zitadumu?

FundiDebe
Mkuu, kote kote. Msonobari una utomvu, na uchungu ule ndio huo. Mkaratusi nao uache, na mabaki ya mbao ya seremala pia, maana nyingi zimetiwa dawa. Chukua mpera au mchungwa uliokauka vizuri, au vifuu vya nazi vilivyokwanguliwa makumbi yote. Mkaa usiuwashe kwa mafuta ya taa, harufu yake haitoki.

Moshi mzito mweupe maana yake kuni zinakosa hewa, na huo ndio unaopaka masizi. Unaoutaka ni mwembamba, wa samawati, karibu usionekane. Debe moja ni fupi mno: kata kitako cha la pili ulipandishe juu ya la kwanza, toboa matundu matano ya upana wa kidole chini na matatu juu. Subiri mkaa ushike majivu, ndipo uweke vipande viwili vitatu vya mpera vya ukubwa wa kidole gumba, uongeze kila nusu saa. Kwenye wavu joto liwe nyuzi 60 hadi 70. Ukisikia mchuzi unadondoka na kuchachatika kwenye mkaa, hukaushi tena, unapika.

Ila kosa kubwa ni kuziacha nzima. Pilipili mbuzi ina uwazi ndani na ganda lake lina nta, maji hayana pa kutokea. Toa kikonyo, pasua katikati kwa urefu, anika kivulini saa moja au mbili mpaka uso ukauke, kisha panga upande wa ndani ukitazama juu. Moshi saa 3 unatosha. Baada ya hapo kazi ni ya jua (siku 2 hadi 4 chini ya chandarua, uziingize ndani kabla ya umande) au oveni ya nyuzi 60, mlango wazi kidogo, saa 8 hadi 12.

Mizani
Naongezea alipoishia Fundi. Macho yanadanganya, pima uzito. Pilipili mbuzi karibu yote ni maji, kwa hiyo kilo 5 zikikauka sawasawa zinabaki kama gramu 600 hadi 800. Ukipata kilo moja na nusu, bado sana. (Kipimo hiki usikitumie kwa pilipili kichaa, zile zina nyama kavu zaidi.) Iliyokauka inavunjika kwa mlio, haikunjiki kama ngozi.

Ziache zipoe kabisa kabla ya kufunga. Ukizifunga za moto, mvuke unaganda kwenye kioo na kurudi kuwa maji. Jaza theluthi mbili tu ya chupa, itikise kila siku kwa wiki nzima. Ukiona unyevu kwenye kioo, zirudishe kwenye oveni. Ukiona ukungu, tupa chupa nzima. Wako watu wanaozianika tena na kuzisaga, na hilo ni kosa baya, kwani sumukuvu (sumu inayoachwa na ukungu) haiondoki kwa jua wala kwa kupika.

SikiNaChumvi
Kuhusu mafuta: pilipili mbichi au iliyokauka nusu usiizamishe kwenye mafuta na kuiacha kabatini. Mafuta yanafungia hewa nje, na vijidudu vya botulizimu (sumu ya chakula inayoweza kuua) vinataka hivyo hivyo: pasipo hewa, penye maji, pasipo uchachu. Moshi hauui mbegu za vijidudu hivyo, na sumu yenyewe unaweza usiinuse wala kuionja. Zilizokauka kabisa sawa, ila tengeneza kidogo na uweke kwenye friji.

Ukitaka za majimaji, nenda kwenye siki. Vikombe 5 vya siki ya asilimia 5 kwa kikombe 1 cha maji na vijiko 4 vya chai vya chumvi, ichemke, umimine juu ya pilipili zilizopigwa moshi saa moja tu. Soma kibandiko kwanza, siki nyingine ni hafifu kuliko hapo. Hizi nazo zikae kwenye friji.

Kikonyo
Shukrani wakuu. Mbegu nitoe?

FundiDebe
Si lazima. Ukali uko kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, si kwenye mbegu zenyewe. Ukitaka zipoe kidogo, kwangua utando kwa kijiko.

Mizani
Na uvae glavu. Ukisahau, paka mikono mafuta ya kula kwanza ndipo uoshe kwa sabuni, maji matupu yanausambaza tu ule mwasho. Kusaga fanyia nje, mgongo kwenye upepo, na usage za wiki mbili tu: unga unapoteza harufu ya moshi upesi kuliko vipande.